Wateja wanaochukua mkopo kwa ripoti zetu za uthamini kisha wanakataa kulipa ada

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mthamini wa ardhi na majengo ninayejitegemea hapa Dar es Salaam, niliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na ninawadai watu ambao benki imeshawakopesha kwa kutumia ripoti zenye saini na muhuri wangu. Mkopo wameutumia watakavyo, lakini ada ya mthamini wanaiona kama hisani ya kutolewa siku watakayojisikia.

Mteja anapoihitaji ripoti, simu yake huanza kuita alfajiri kwa sababu afisa mikopo anamsubiri. Nakwenda Bunju au Kibaha kwa mafuta yangu, nalinganisha bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) na ramani ya upimaji, napima jengo chumba kwa chumba, nahakiki hati katika ofisi ya ardhi, natafuta bei za viwanja vilivyouzwa karibuni maeneo hayohayo, ndipo nakaa kuandika. Yote hayo mteja hayaoni. Anachofungua ni ukurasa wenye viwango viwili vya fedha, thamani ya soko na thamani ya mauzo ya lazima, yaani bei ya nyumba ikilazimika kuuzwa haraka, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mwaka jana mteja mmoja alinijia juu: "Nyumba hii nimeimwagia milioni 180, wewe unaniandikia 120?" Nilimweleza kwamba gharama alizotumia kujenga si bei ambayo mnunuzi wa leo yuko tayari kuitoa, na kwamba fremu mbili za mbele pamoja na ukuta wake vimo ndani ya hifadhi ya barabara, hivyo siwezi kuvihesabu kuwa dhamana. Kuhusu barabara hakubisha, maana alama nyekundu ya X ilikuwa imepigwa ukutani. Alisema tu kwamba hawezi kulipia ripoti iliyomwangusha. Benki ilimpa mkopo kwa ripoti hiyohiyo.

Linaloniuma kuliko hata fedha ni ile kauli ya "nitakulipa mkopo ukitoka". Mtu anayesema hivyo anataka ujira wangu utegemee kiasi ninachokiandika, na mthamini akishakubali hilo atavutwa kupandisha thamani ili naye ale. Siku mkopaji atakaposhindwa kulipa na nyumba ikapelekwa mnadani, pengo litakuwa wazi na atakayeulizwa ni mwenye muhuri. Ada yangu ni malipo ya kazi iliyofanyika, iwe mkopo umetoka au umekataliwa.

Kodi nazo hazisubiri. Sisi watoa huduma za kitaalamu tunasajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani bila kujali ukubwa wa mauzo, na kodi hiyo ya asilimia 18 haingoji mteja alipe. Nikishatoa ankara, natakiwa kuiwasilisha kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo mteja anayeninyima ada ananilazimisha pia kumlipia kodi yake kutoka mfukoni mwangu.

Najua wapo watakaosema nidai fedha yote kabla ya kwenda kwenye eneo. Nikifanya hivyo, mteja anahamia kwa mthamini mwingine anayekubali kumfanyia kwa mali kauli. Wathamini wenzangu, mnaofanya hivyo mnatuumiza sote, na ninyi wenyewe hamlipwi. Tukubaliane nusu ilipwe kabla ya ukaguzi, na ripoti isitoke mkononi mpaka salio limalizike.

Benki nazo haziwezi kukaa pembeni, kwa kuwa ripoti ndiyo inayolinda fedha zao. Kwenye mkopo huohuo wanakata bima na gharama za uchakataji kabla mteja hajagusa hata shilingi. Nini kinawashinda kukata na ada ya mthamini wakailipa moja kwa moja, au kudai risiti yake ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, kabla ya kuipokea ripoti?

Kwa ninaowadai na wamekaa kimya: shauri la deni la mkataba linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6, na hakuna ankara yangu iliyofika huko. Barua za madai ziko kwa wakili na zitaanza kutoka Jumatatu. Anayetaka kulipa kabla ya hapo, namba ya akaunti iko chini ya ankara yake.