Kidole kinafungua kompyuta mpakato, lakini seva ya ofisi inakataa

Msimamizi wa kompyuta, Moshi – swali

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia kompyuta za ofisi yenye watumishi 23 hapa Moshi, na ninaomba msaada katika jambo lililonisumbua kwa wiki mbili sasa. Tulinunua kompyuta mpakato zenye kisoma alama za vidole, zote zikiwa na Windows 11, tukaziunganisha na domeni ya ofisi, yaani mfumo wa seva unaosimamia akaunti na kompyuta zote kwa pamoja. Mwanzoni sehemu ya kusajili kidole ilikuwa imefifia na haibonyezeki. Nilifuata maelekezo niliyoyapata mtandaoni, nikawasha katika sera za domeni ruhusa ya bayometriki (utambuzi kwa alama za mwili, kama vidole) pamoja na ile ya namba fupi ya siri, na kila mtu akasajili kidole chake. Watumishi walifurahi sana, kwa kuwa nywila zetu hubadilishwa kila baada ya siku 90, na nilikwisha kukuta zaidi ya moja imeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa chini ya kibodi.

Tatizo lilianza kwa mhasibu wetu. Ijumaa alibadilisha nywila akiwa kwenye kompyuta ya mezani, kisha akaenda na kompyuta mpakato nyumbani kwake Kibosho. Jumamosi aliifungua kwa kidole bila shida yoyote, lakini alipounganisha VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) ili afikie folda za mishahara, seva ilimkatalia, na baada ya dakika chache akaunti yake ikafungwa kabisa. Nimeifungua mara tatu na mara zote tatu imejifunga tena. Inawezekanaje kidole kikubaliwe, halafu mtu yule yule akataliwe? Vilevile yupo mama mmoja wa masjala ambaye kidole chake hakisomeki, na ameanza kuona aibu mbele ya wenzake, jambo ambalo linaniumiza.

Fundi wa seva, Arusha

Ndugu msimamizi, pole kwa usumbufu. Kidole cha mhasibu wako hakijawahi kufika kwenye seva, na hakitafika. Kwa njia uliyoiwasha, Windows huhifadhi nywila ya mtumiaji ndani ya mashine kwa usimbaji; kidole kikitambuliwa, nywila hiyo hutolewa na kuwasilishwa kana kwamba mwenyewe ameichapa. Alipokuwa Kibosho, mashine haikuwa na seva ya kuiuliza, kwa hiyo ilitumia kumbukumbu ya mara ya mwisho alipoingia, ambayo ilikuwa ya nywila ya zamani, ikamfungulia. VPN ilipounganishwa, programu zilizokuwa wazi zilianza kuipeleka nywila hiyo ya zamani kwenye seva, tena na tena, bila yeye kugusa chochote, mpaka idadi ya makosa mliyoiruhusu ikaisha.

Kwa leo, aje ofisini na kompyuta hiyo, mwunganishe kwa kebo ya mtandao, kisha umfungulie akaunti. Kwenye ukurasa wa kuingia asiguse kisoma alama. Achague kuingia kwa nywila na aandike ile mpya. Baada ya hapo fungua sehemu ya Windows inayotunza nywila zilizohifadhiwa na ufute zote zinazohusu seva yenu, kwa sababu mara nyingi ndiko nywila ya zamani inakojificha. Usiruke hatua hiyo ya pili, la sivyo utamfungulia akaunti kwa mara ya nne.

Dawa ya kudumu ni kuachana na njia hiyo ya mkato. Microsoft yenyewe iliizima kwa watumiaji wa domeni kuanzia toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016, na ndiyo maana ulikuta sehemu ile imefifia. Badala yake kuna Windows Hello for Business, ambayo haihifadhi nywila kabisa. Mtumiaji anaposajiliwa, mashine hutengeneza jozi ya funguo: ufunguo wa siri hubaki ndani ya chipu ya usalama iitwayo TPM, na ule wa wazi husajiliwa kwenye saraka ya ofisi, yaani orodha ya akaunti iliyo kwenye seva. Kidole huiruhusu chipu itie saini ombi la kuingia, kisha saini hiyo huhakikiwa kwa ufunguo wa wazi. Mhasibu anaweza kubadilisha nywila Ijumaa na Jumamosi akaingia kwa amani, kwa kuwa nywila haimo katika mazungumzo hayo. Kazi ya kuandaa ni kubwa, sikufichi, kwani pamoja na mambo mengine utahitaji seva za domeni zisizo za chini ya Windows Server 2016. Kwa ofisi inayotunza mishahara ya watu, naona kazi hiyo inastahili.

Tena muombe mkuu wako aiangalie upya sheria ya siku 90. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka 2017 kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kipindi maalumu bila dalili ya kuvuja, na Microsoft ikaliondoa sharti hilo katika mapendekezo yake mwaka 2019. Vikaratasi chini ya kibodi vimezaliwa na sheria hiyo.

Mtumishi wa ofisi ya kahawa, Moshi

Mimi nina neno kuhusu huyo mama wa masjala. Hapa kwetu watu wengi hushinda kihambani (shamba la nyumbani la kahawa na ndizi) mwisho wa wiki, na msimu wa kuchuma kahawa ngozi ya kidole gumba na ya shahada huchubuka na kuingia weusi usiotoka kwa sabuni. Mwenzangu mmoja alikuwa akibonyeza kisoma alama mara nne, mara tano, huku amekunja uso. Nilipoutazama mkono wake kwa karibu niliona mpasuko umekatiza katikati ya ncha ya kidole, mahali hasa alipokuwa akigusa. Tulimsajilia kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakichumi wala hakimenyi ndizi, na shida ikaisha. Windows inakubali hadi vidole kumi, hivyo msajilie angalau vitatu, na wakati wa kusajili ageuzegeuze kidole ili ncha na pande zake zote zisomwe. Baridi ya Juni na Julai nayo hukausha ngozi. Mafuta kidogo usiku husaidia, ila asipake muda mfupi kabla ya kugusa, kwa sababu kioo kikiwa na mafuta hakisomi. Tafadhali mwelekeze faraghani. Namba yake ya siri ipo daima, na kuitumia si kushindwa.

Afisa rasilimali watu, Arusha

Naomba kuongeza upande wa haki za watumishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za bayometriki kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo pata ridhaa ya kila mtumishi kwa maandishi na umwachie njia nyingine asiyetaka. Waeleze pia tofauti iliyopo kati ya kompyuta hizi na mashine ya mahudhurio ya mlangoni, ambayo mara nyingi hukusanya alama za wote mahali pamoja. Katika Windows, kinachohifadhiwa ni kiolezo cha kihesabu, nacho hubaki ndani ya mashine ya mtumishi mwenyewe. Tangu tuliposajili laini za simu kwa vidole, wengi huamini kwamba kila wakigusa kioo, alama yao inasafiri mahali fulani. Wana haki ya kuuliza.

Msimamizi wa kompyuta, Moshi

Ninawashukuru nyote. Mhasibu ameingia kwa nywila mpya, tumefuta nywila mbili za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa, na akaunti haijajifunga tena tangu jana asubuhi. Mama wa masjala sasa anatumia kidole cha kati cha kushoto. Nilimsajili saa ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu. Seva yetu moja bado ni ya 2012, kwa hiyo nimeandika ombi la kuibadilisha kwanza. Hadi hapo, nimemwelekeza kila anayebadilisha nywila afanye hivyo akiwa ofisini, kwenye kompyuta ile ile anayokwenda nayo nyumbani.