Je, koili ya kontakta yaweza kuzungushwa kwa cherehani na kujazwa kama bobini ya uzi?

Mshonaji, Wete
Assalaam alaykum. Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, na ndugu yangu hushughulikia pampu za visima. Koili (waya uliozungushwa kuwa sumaku ya umeme) ya kontakta, yaani swichi ya sumaku inayowasha pampu moja, ya volti 230, imeungua. Bobini yake ya plastiki ni nzima, na waya mpya tunao, ila ni mnene kidogo kuliko ule wa awali. Naomba kujua kama kigurudumu cha kujazia bobini kwenye cherehani kinafaa kwa kazi hii, na kama inatosha kuijaza mpaka ukingoni.

Fundi mota, Mwanakwerekwe
Wa alaykum salaam, fundi. Uzi huwekwa kwenye bobini ili utoke, kwa hiyo ukipungua mita chache hapana linaloharibika. Waya wa koili umewekwa ubaki, na kila mzunguko wake una sehemu yake katika kuuzuia mkondo. Waya mnene utaijaza bobini kwa mizunguko michache, na kwa kuwa indaktansi (sifa ya koili inayouzuia mkondo) hufuata mraba wa idadi ya mizunguko, mizunguko ikipungua nusu indaktansi hushuka hadi robo, mkondo hupanda, na koili huungua tena ingawa kwa macho imejaa vizuri. Waya huo msiutumie. Fungueni koili ya zamani huku mkihesabu, mkwangue vanishi (utando wa kuhami unaofunika waya) na kupima unene kwa mikromita, kisha mtafute waya wa unene uleule. Ikiwa umegandana hata hauhesabiki, pimeni uzito wake kwa mizani ya sonara, kwani waya wa unene uleule na uzito uleule utawapa mizunguko inayokaribiana sana.

Fundi cherehani, Chake Chake
Cherehani inafaa, lakini waya usipite kwenye visahani vya kukazia uzi, kwa sababu vitakwaruza vanishi, na vanishi ndiyo pekee inayotenganisha mzunguko na mzunguko. Mwanasayansi Michael Faraday, alipozungushia waya pete yake ya chuma mwaka 1831, alilazimika kuitenganisha mizunguko kwa kamba na kitambaa cha pamba. Uongozeni waya kwa vidole, katikati ya kipande cha pamba laini, na ncha ya mwanzo ibaki nje. Msihesabu kwa gurudumu kubwa la cherehani: kijazio huendeshwa kwa mpira unaoweza kuteleza, hivyo kaunta ifungwe kwenye mhimili wa bobini yenyewe.

Mshonaji, Wete
Shukran sana. Je, hesabu ikiwa sahihi, kuna sababu nyingine ya kuungua?

Fundi mota, Mwanakwerekwe
Ipo, na ndiyo ya kuangaliwa kabla ya kununua chochote. Kontakta ya mkondo geu (AC) ikishindwa kufunga kabisa, kwa kutu, vumbi au springi iliyopinda, chuma chake hubaki na mwanya, na koili huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida. Bonyezeni sehemu inayosogea kwa kidole, umeme ukiwa umezimwa: ikikwama, isafisheni kwanza.