Tupeane uzoefu: Mzee kaingia kwako usiku wa manane na anaona hapo ni kwake

MtotoWaMichenzani
Assalaam alaykum jamaa. Natafuta waliowahi kukutwa na hili wanihadithie walifanyaje.

Alhamisi iliyopita, saa nane na kitu za usiku. Tunakaa Michenzani, ghorofa ya tatu. Mlango sikuutia komeo kwa sababu kaka anafanya kazi hotelini Nungwi na siku ile alikuwa anarudi. Nasikia kitasa kinazungushwa taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha waliolala. Nikajua kaka. Lakini kaka akiingia huanza na friji, huyu kaenda moja kwa moja kwenye pembe ya jiko pasipo na kitu, anapapasa chini. Nikachukua mchi.

Nawasha taa, mzee. Kikoi, fulana, kofia ya viua imekaa sawa kichwani kama anakwenda Ijumaa, viatu kavibana kwapani. Kisigino kinatoka damu. Akanikazia macho: "Taa hii nani kaiwasha? Mafuta mnayaokota?" Na mimi mchi nishauinua.

Mama akatoka, anajifunga kanga. Akanitazama mimi kwanza, halafu yeye. "Assalaam alaykum, babu."

Mtu aliyekuwa ananifokea sasa hivi akaiweka sawa kofia yake: "Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh." Yote mpaka mwisho.

"Watoka wapi saa hizi, babu?"
"Gatini. Jahazi limechelewa."
"Pole. Kaa basi, upate chai."

Mama hakumwambia kwamba hakuna jahazi, wala hakumuuliza jina. Akaniambia mimi nilete beseni la maji ya vuguvugu nimuoshe kile kisigino, huku yeye anamuuliza kidogo kidogo: jahazi lilipakia nini, nahodha nani, nyumbani umemuacha nani. Hapo kwenye "umemuacha nani" ndipo lilipotoka jina la mwanawe, na mama akalijua. Wanakaa jumba la upande wa pili wa barabara, ghorofa ile ile, mlango ule ule. Wanaoyajua majumba yetu watanielewa, hata mtu na akili zake timamu akihesabu ngazi vibaya kaingia kwa mwenziwe.

Wanawe walikuwa mpaka Darajani wanamtafuta na tochi za simu. Walipokuja kumchukua alikuwa kashamaliza chai na ananielekeza namna ya kufunga kamba.

Nilikuwa nimeushika ule mchi, nao ulikuwa juu. Sijaacha kuufikiria. Haya, nihadithieni.

Yakhe_Kikwajuni
Mimi ningeshapiga kelele za mwizi kabla sijaiona hiyo kofia. Nasema kweli mbele ya Mungu.

MtotoWaMichenzani
Yakhe, na mimi nilibakisha kidogo tu.

BintiMtambwe
Waalaykum salaam. Yetu ilikuwa Pemba, msimu wa karafuu, nikiwa skuli ya msingi. Mwaka ule mikarafuu ilizaa sana, jioni tunachambua mpaka vidole vinakuwa vyeusi na tunalala lundo halijesha. Tuliliacha ukumbini, tukafunga mlango wa ndani tu.

Usiku nikasikia sauti ya kuchambua. Kila aliyekulia shamba anaijua, kikonyo kinavunjika, karafuu zinaanguka kwenye ungo. Nikadhani bibi kaamka mapema. Kumbe bibi yuko ubavuni pangu, kanishika mkono, naye anasikiliza.

Baba alitoka na panga. Akarudi bila ya panga, akatuita tukaone. Mzee hatumjui kabisa, kakaa juu ya jamvi letu, karafuu upande huu, makonyo upande huu, mikono inakwenda kama cherehani. Giza totoro, hana taa wala nini. Baba akamtolea salamu, akaitikia bila ya kuinua kichwa, akasema: "Nyinyi wavivu. Karafuu mbichi hailazwi, itavunda."

Baba akakaa akachambua naye. Mpaka alfajiri. Kulipokucha baba akaenda kwa sheha, na sheha ndiye aliyepeleka habari kijiji cha pili. Wakaja vijana wake wawili wanalia. Lakini mzee akakataa kuondoka mpaka alipwe pishi zake! Wakapima kweli, baba akamlipa. Mtoto wake alitaka kuzirejesha zile pesa, baba akasema kazi kaifanya.

Dada_Shangani
Kwetu ni Mji Mkongwe na mgeni wetu ni bibi, na haji mara moja. Nyumba tunayokaa ilikuwa ya watu wengine kabla ya 1964, hilo si la kuficha, nyumba nyingi za mjini ndivyo zilivyo. Yeye alizaliwa humu. Aliondoka kigori, akaolewa Ng'ambo, akazaa, akazeeka, na sasa miaka yote ya katikati imefutika. Usiku anarudi kwao.

Mara ya kwanza alimwambia mume wangu, "Nyinyi watumishi wapya?" Mume wangu aliona vibaya, sikufichi. Mimi nikaona ananyanyua mguu pale kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, mahali ambapo sisi wote tunajikwaa mpaka leo. Yeye kizingiti anakijua gizani.

Namkalisha, namuuliza mahari ilikuwa kiasi gani, nani alimpaka hina. Binti yake namba yake ninayo, anakuja na teksi. Tumeshazoeana.

Chumvi_Kali
Samahani, lakini hawa watoto wao wako wapi? Mzee mgonjwa anatokaje nyumbani saa nane za usiku?

Mjukuu_Jang'ombe
Chumvi Kali, ngoja nikujibu mimi niliyekuwa upande huo.

Bibi yetu alikuwa anatoka usiku anagonga milango ya watu anamwita mwanawe aliyekufa mdogo. Kanga moja kifuani, kichwa wazi, nywele nyeupe. Kwa mtaa wa Unguja hilo lina jina lake, wakasema anawanga. Mkumbuke na sisi ni watu tuliowahi kulala nje mtaa mzima mwaka 1995 kwa popobawa, lile jini lililosemwa linavamia watu usiku majumbani, hofu ya usiku hatufundishwi. Siku moja alirudi na jiwe limempata kipajini. Hatukujua nani na hatukuuliza.

Baba alifanya jambo ambalo lilimuuma sana. Baada ya alasiri alipita nyumba hadi nyumba, barazani, dukani kwa Mpemba, msikitini: "Mama yangu usiku akili haimkai. Mkimuona mnishike mimi." Ulivyo mtaa wetu, mtu kutangaza ya ndani kwake ni kama kuvua nguo. Tangu siku hiyo hakurushiwa tena kitu. Tukamshonea namba ya simu kwa ndani ya buibui, komeo tukalihamishia juu kabisa ya mlango ambako haangalii, na mlangoni tukafunga kengele ya mbuzi. Kufuli kwa nje hatukutia, ukitokea moto utamtoaje?

Na bado alitoka mara mbili. Usingizi haumuulizi mtu.

Chumvi_Kali
Nimekuelewa. Niwie radhi.

Muuguzi_wa_Zamu
Nasoma nikiwa kazini, nitasema kidogo. Maradhi haya ya usahaulifu, demensia, mara nyingi huzidi kuanzia magharibi, mchana unaweza kumuona mzima kabisa. Dawa ya kuyaponya hakuna, ila kuna ya kusaidia kidogo kwa baadhi yao. Kusimama mbele yake aone uso wako, sauti ya chini, mtu mmoja azungumze, hayo mama yake MtotoWaMichenzani kayafanya bila ya kusomea.

Ila msikilize hili. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo kachanganyikiwa ghafla, msiseme uzee. Inaweza kuwa maambukizo ya mkojo, homa, sukari, au hajanywa maji siku mbili kwa joto hili. Huyo mpelekeni hospitali usiku huo huo. Tumewaona waliotibiwa wakarudi na akili zao.

Yakhe_Kikwajuni
Swali la dini, asinune mtu. Kumwambia "pole na jahazi" na jahazi halipo si uongo?

Maalim_Mstaafu
Mwanangu, yule mama kasema pole tu. Na mtu aliyetoka damu kisigino, kapotea usiku, hastahiki pole?

Surat An-Nahl imewataja hawa, wanaorejeshwa kwenye ardhali ya umri, asijue kitu baada ya kuwa anajua. Nilipokuwa nasomesha niliipita aya hiyo haraka. Sasa mke wangu ananiuliza kila magharibi mimi ni nani, namwambia mimi ni mwalimu wa watoto. Jibu hilo analikubali. La mume hulikataa, ananiambia mume wake ni kijana.

BintiMtambwe
Maalim. Allah akupe subira.

Mkaazi_Magomeni
Yetu fupi. Ule wakati Unguja ilipokosa umeme miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulikuwa tunalala barazani kwa joto. Asubuhi moja tukajihesabu tumezidi mmoja.

MtotoWaMichenzani
Hahaha Magomeni umeniua.

Nirudishe habari za mzee wetu. Wanawe walikuja Jumapili na boflo na samaki, tukazungumza. Walikuwa na fikra nzuri: mlango wao waupake rangi ya kijani ili autofautishe na ya majumba mengine. Wakaupaka Jumatatu, unang'aa kweli.

Jumatano usiku kaja tena kwetu. Safari hii wanawe walikuwa nyuma yake, wamemuacha atembee. Wanasema alifika mpaka kwenye mlango wa kijani, akausimamia, akaukagua juu na chini, akaupita. Mama alipomuuliza, akajibu kama anayejibu swali la kijinga: "Kwetu hapajawahi kuwa na mlango wa kijani."

Jana wameurudisha kahawia. Rangi ya kijani imebakia nusu kopo, mwenye kuihitaji aje aichukue, ipo hapa kwetu nyuma ya mlango, pale nilipokuwa naweka mchi.