Kikundi: Nyumba ya Bibi, Mkomani

*17:42* Swaleh: 1412!!!

Swaleh: 📷 Picha

Bi Zena: Hizo ni pesa au deni?

Swaleh: Alama za sataranji, mama. Ya kwenye simu.

Khadija: Lichess, hiyo sataranji yake ya simu, humwanzisha kila mtu na 1500. Kwa hivyo kakangu amehangaika miezi minane na bado hajafika alipopokelewa 😂

Swaleh: Si useme yote. Wiki ya kwanza tu niliporomoka hadi 980.

Bi Zena: Na wanakukata ngapi?

Swaleh: Hawakati kitu, hata tangazo hakuna. Aliyeianzisha ni Mfaransa, Thibault Duplessis, mwaka 2010. Inaendeshwa kwa michango ya watu.

Bi Zena: Haya. Lakini mato mekundu kila asubuhi nayaona.

Fuad (Mombasa): Bado unamtoa malkia mapema kama zamani?

Swaleh: Wee! Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Malkia kwenye nyumba ya h5, askofu c4, nangoja kumpiga mtu mati, yaani kummaliza mfalme wake, pale f7, hatua ya nne tu mchezo umekwisha. Mwanzo niliwala wengi. Halafu nikakutana na wanaoijua. Mtu anasukuma askari wake g6, malkia anakimbia. Anatoa farasi, malkia anakimbia tena. Mimi nakimbizwa, yeye kete zake zote zishatoka nyumbani.

Ami Athman: 🎤 0:48

Khadija: Ami, tuko na wageni, siwezi kusikiliza. Andika.

Ami Athman: Nilimwambia kwenye dhumna mwenzio akipita kwenye tano ujue hana tano. Yeye hutazama mkono wake tu

Swaleh: Kweli, Ami ndiye aliyenifungua. Siku hizi kabla sijagusa kete najiuliza: huyu, hapa alipoweka, anataka nini? Nimeacha ile michezo ya dakika moja, nacheza ya dakika kumi. Nikishindwa natafuta mwenyewe nilipokosea, ndipo naiuliza kompyuta.

Fuad (Mombasa): Sasa umekuwa mtu mzima.

Khadija: Mtu mzima gani? Mwulize kuhusu jana.

Swaleh: Khadija!

*18:05* Khadija: Hasemi. Nasema mimi.

Swaleh: Basi nitasema. Nimebaki na mfalme na malkia, mwenzangu mfalme mtupu, kajibana pembeni a8. Nikaweka malkia b6.

Fuad (Mombasa): Usiniambie.

Swaleh: Hayuko kwenye cheki, yaani mfalme wake hatishiwi, na hana pa kukanyaga. Sare.

Fuad (Mombasa): 😂😂😂 Malkia mzima!

Bi Zena: Sijafahamu. Si alikuwa amemzingira?

Swaleh: Mama, ukimzingira bila kumpiga cheki, na hana kete nyingine ya kusogeza, mnagawana. Nilikaa naitazama ile simu kama dakika tano. Hasira ni kwamba alikuwa ameshaniandikia "hongera".

Khadija: Alitupa mto. Ukamwangukia paka.

Ami Athman: Haraka

Ami Athman: Kubana kila mtu anajua

Bi Zena: Swaleh, nani kaenda kuchukua mkate?

Swaleh: Naenda sasa hivi, mama.

Khadija: Yuko mtandaoni bado. Namwona hapa.

Ami Athman: Swaleh baada ya isha ndoo barazani na hiyo simu yako. Yeo nacheza nawe. Mimi nashika nyeupe

Swaleh: Ami, mwenye nyeupe ndiye anayeanza.

Ami Athman: Ndiyo maana