Naomba ushauri: safari ya familia kwa gari dogo, kutoka Dar hadi milima ya Usambara

Mkazi wa Bunju (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Likizo ya Juni inakaribia, na mwaka huu nimeazimia kutimiza jambo ambalo baba yangu amelitaja kwa miaka mingi. Mzee ni mstaafu wa reli. Ujana wake aliutumia kwenye njia ya Tanga, na kila treni iliposimama Mombo aliiona milima ya Usambara imesimama juu yake, lakini hakuwahi kupata nafasi ya kuipanda. Nataka nimpandishe mimi mwenyewe wakati bado ana nguvu za kufurahia.

Tutakuwa watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wa shule ya msingi, na yeye mzee. Tutaondoka Bunju siku ya Alhamisi na kurudi Jumapili. Gari letu ni dogo, la otomatiki, lenye injini ya cc 1,500, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Barabara za tambarare nimezizoea, ila barabara ndefu ya kona za mlimani sijawahi kuiendesha.

Naomba mnisaidie katika mambo haya. Ni njia ipi inayofaa kwa mtu anayetokea upande wa Bunju? Ni wapi pa kusimama, ukizingatia kwamba magoti ya mzee hayamruhusu kukaa kwenye gari muda mrefu, nami nisingependa vituo vyetu viwe vya kununua maji na kuondoka tu? Je, gari la aina hii litapanda na kushuka salama? Na je, ni busara kufika hadi Mtae, ambako nimesikia ukingo wa mlima unatazama mbuga za Mkomazi?

Msafiri wa Kaskazini

Mkuu, hongera kwa wazo la kumkumbuka mzee.

Kwa anayetokea Bunju sioni sababu ya kurudi mjini kuitafuta barabara ya Morogoro. Nyoosha hadi Bagamoyo, pinda Makofia, uvuke mto Ruvu, utokee Msata. Hapo utaingia barabara kuu inayotoka Chalinze kwenda Segera, ukiwa umeepuka foleni ya Kibaha na msururu wa malori yanayoelekea bara. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Simaanishi mkimbie, nataka mzee apate muda wa kushuka na kunyoosha miguu kila baada ya saa moja na nusu hivi, na bado mfike Mombo jua likiwa juu.

Baada ya Msata mtavuka mto Wami kwenye daraja jipya, na mkifika Mkata patakuwa mahali pazuri pa chai. Mkiwa mmeshapita Kabuku, angalieni wauza machungwa wa Michungwani, kwani Juni ndipo msimu unapokolea; nunueni ya kutosha safari nzima, muuzaji awamenyee machache hapo hapo. Segera msiifuate barabara ya Tanga, bali pindeni kushoto kuelekea Korogwe. Kuanzia hapo mtaanza kuona mashamba ya mkonge, na watoto waambiwe kwamba zao hilo lililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwa miongo mingi ndilo lililoufanya mkoa wa Tanga ujulikane duniani.

Mombo simameni kwa chakula cha mchana, kisha mpeleke mzee akaione stesheni. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na naamini yeye ana mengi ya kuwasimulia wajukuu kuliko nitakayoyaandika mimi. Kituo hicho msikipite haraka.

Jambo la mwisho ni mwendo. Vijiji vya njia hiyo vinafuatana, na kila penye kibao cha 50 shika 50 mpaka ukione kibao cha kuruhusu, kwa sababu watoto wa shule na wenye baiskeli huvuka ghafla, na askari wa usalama barabarani nao wapo.

Fundi wa Tegeta

Nitajibu swali la gari peke yake, maana ndilo linalogusa uhai wa watu.

Kupanda, gari lako litapanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto, mji ulioko juu milimani, ni kilomita 33 hivi za lami, na ndani ya umbali huo mnapanda takribani mita elfu moja. Injini ya cc 1,500 yenye watu watano na mizigo itanung'unika kidogo, hasa kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi, lakini haitashindwa. Zima kiyoyozi, fungua vioo, na uutupie macho mshale wa joto mara kwa mara. Kabla ya safari rejeta ikaguliwe, mipira yake ibonyezwe kwa mkono kuona kama imekauka au kupasuka, na feni ithibitishwe kuwa inazunguka.

Kinachonipa wasiwasi ni kushuka Jumapili. Breki husimamisha gari kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Ukishuka kilomita zote hizo mguu ukiwa umelalia pedeli, joto hilo halipati muda wa kutoka. Pedi huchoka kushika, na oili ya breki, ikiwa ni ya zamani iliyokwisha kunyonya unyevu, huchemka na kutengeneza mapovu. Hapo utakanyaga, na pedeli itazama hadi chini bila gari kupungua mwendo. Dalili ya kwanza ni harufu kali ya kuungua, na abiria wa nyuma ndio wanaoweza kuisikia kabla yako, kwa hiyo waambie mapema wasinyamaze.

Dawa yake ni kuiachia injini kazi ya kulizuia gari. Usiache gia kwenye D wakati wote. Zima O/D (gia ya juu ya mwendo kasi) kwa kitufe kilicho pembeni ya gia, na kwenye miteremko mikali shusha hadi 2, au L panapozidi. Injini itapandisha sauti na utadhani inaumia, kumbe inafanya kazi yake. Breki ikanyagwe kwa uthabiti kabla ya kona, mwendo upungue, kisha iachiwe ipate hewa. Usiweke N (gia huru) hata kwa dakika moja kwa tamaa ya kuokoa mafuta. Na harufu ikitokea, tafuta mahali papana, egesha, weka mawe nyuma na mbele ya matairi, mpumzike nusu saa au zaidi. Msimwagie maji diski zikiwa za moto, kwa sababu zinaweza kupinda au kupasuka.

Wiki moja kabla ya kuondoka, mwambie fundi wako afungue magurudumu yote manne na akuoneshe pedi kwa macho yako. Usikubali jibu la "ziko vizuri" gari likiwa limesimama chini. Oili ya breki ibadilishwe yote, si kujazia. Tairi la akiba lipimwe upepo, jeki ijaribiwe, na mtungi wa kuzimia moto pamoja na pembetatu za tahadhari viwe mahali panapofikika haraka, si chini ya mabegi.

Mwana wa Soni

Karibuni sana kwetu. Fundi amesema kweli tupu, nami naongeza ya wenyeji.

Barabara ya Mombo ni nyembamba kwa namna ambayo mgeni haitarajii: upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Kwenye kona usiyoona mbele piga honi fupi, kaa upande wako wa kushoto hata kama barabara inaonekana tupu, na anayepanda mpishe. Utakutana na malori ya mbao na mboga, maana kabichi, karoti na viazi vinavyoliwa huko Dar vinatoka sehemu kubwa milimani kwetu, na utakutana na bodaboda waliofungasha matenga mapana kuliko pikipiki zenyewe. Usipande usiku. Ukichelewa ukafika Mombo giza limeingia, lala Mombo.

Kituo cha kwanza ni maporomoko ya Soni. Yako kando ya barabara kabisa, kwa hiyo mzee hatahitaji kutembea. Atashuka, atasimama, ataona maji yakitumbukia kwenye miamba na kusikia upepo wa baridi usoni. Soni ndipo pa kununua mapichi na mapeasi yanapokuwa ya msimu. Jirani hapo ni njia ya kwenda Vuga, iliyokuwa makao ya watawala Wakilindi, ambako Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862 aliitawala nchi ya Usambara kwa miaka mingi. Ningependa watoto wenu walijue jina hilo kabla ya jina la Wilhelmstal, ambalo Wajerumani waliupa mji wa Lushoto.

Ijumaa nendeni Irente, kilomita chache tu kutoka Lushoto mjini. Ukingo wa pale unakatika ghafla, na chini yake, karibu mita elfu moja, mnaiona tambarare ya Mazinde, mashamba ya mkonge na barabara kuu mliyopita jana, magari yakiwa madogo mno. Watoto washikwe mikono, kwa sababu mwamba ule hauna huruma. Mkirudi piteni shamba la Irente lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, mle mkate, jibini na jamu zinazotengenezwa hapo hapo, mkiwa mmekaa kwenye nyasi. Wengi hulipita shamba hilo mbio ili wawahi kupiga picha ukingoni; mimi naona ndiyo nusu ya safari ya Irente.

Jumamosi iwe ya msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia, na mkipata mwongoza watalii mwenyeji mtaona mbega weupe kwa weusi, na kwa bahati kinyonga mwenye pembe mbili puani, ambaye ni wa milima hii. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba kuna mzee, atawachagulia njia fupi isiyo na mwinuko.

Kuhusu Mtae, kwa gari hilo nasema hapana. Ukiiacha lami, njia ni ndefu, ya udongo, ina makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika, na gari lililo chini litagonga tumbo. Mkitamani sana, kodini gari refu la mwenyeji kwa siku moja, dereva akiwa wa huku. Mandhari ya Mkomazi na milima ya Upare inastahili gharama hiyo, ila mzee ndiye aamue asubuhi ya siku yenyewe kama mwili unaruhusu.

Mama Nuru

Kaka yangu, wanaume wameongelea gari, mimi naongelea watu waliomo ndani.

Juni Lushoto ni baridi kweli. Ukungu huweza kushuka mchana, na usiku mtatafuta blanketi la pili. Mzee apate sweta nzito, soksi na kofia, maana baridi huyasumbua magoti kuliko safari yenyewe. Ukiuliza chumba, uliza kwanza kama kina ngazi, na kama maji ya moto yapo asubuhi, si jioni peke yake. Dawa zake akae nazo mwenyewe kwenye mfuko wa mkononi.

Watoto wasile chakula cha mafuta Mombo kabla ya kona. Wapewe wali kidogo au ndizi, wakae wakitazama nje mbele, simu ziwekwe kando mpaka Lushoto. Tangawizi husaidia, na mifuko ya kutapikia iwe karibu hata kama hamtaihitaji.

Mzalendo wa Kihesa

Kwa heshima, naona hujaifikiria Iringa. Ungepita katikati ya hifadhi ya Mikumi ukiwaona swala na twiga bila kushuka kwenye gari, kisha bonde la mibuyu kando ya Ruaha Mkuu, kisha mpando wa Kitonga ambao nao ni mlima wa kuheshimiwa. Barabara ni pana kuliko hiyo ya Mombo.

Mkazi wa Bunju (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimesoma kila mchango zaidi ya mara moja, na nawashukuru kwa dhati. Ndugu yangu wa Kihesa, Iringa naitamani na tutakwenda, ila Kitonga ina malori mengi ya Zambia na Kongo, na kwa dereva anayejifunza kona nadhani lami nyembamba yenye magari machache ni afadhali. Zaidi ya hapo, mzee ameomba Mombo.

Mtae nimeiondoa, isipokuwa mwenyewe akitaka tukodi gari. Gari litaingia gereji wiki hii, na nitasimama hapo hapo magurudumu yakifunguliwa. Limebaki swali moja: Jumapili tuondoke Lushoto saa ngapi, na je, tunaweza kusimama kwenye magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, tukirudi?

Mwana wa Soni

Msiondoke kabla ya saa mbili asubuhi, ukungu uwe umeinuka kwenye kona za juu. Mafuta jazeni Jumamosi jioni Lushoto, ili Jumapili msiwe na haraka ya kuyatafuta Mombo. Shukeni polepole kwa gia alizozitaja Fundi, msimame Soni dakika kumi na tano breki zipoe hata kama hamsikii harufu yoyote, kisha mle Korogwe.

Msafiri wa Kaskazini

Kuhusu Kaole, itategemea Msata mmefika saa ngapi. Ikiwa ni kabla ya saa tisa alasiri, mtapata muda wa kuona magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake jua likiwa bado lipo, na pale njia ni tambarare, mzee atatembea bila shida. Ikiwa ni baadaye, pitilizeni hadi nyumbani. Kutoka Bunju hadi Kaole ni safari ya Jumamosi yoyote.