Modeli ya kuhesabu maparachichi: usahihi wake upimwe kwa kipimo gani?

Muulizaji, Tukuyu

Wakuu, salaam. Ninasaidia kikundi cha wakulima wa parachichi aina ya Hass hapa Rungwe kukadiria mavuno kabla mnunuzi hajaleta kreti na lori. Nimefundisha modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, ihesabu matunda kwenye picha za simu, nikaijaribu kwa miti 40 ambayo haikuwahi kuiona. Kwa hesabu ya mkono nilipata matunda 10,040, modeli ikatoa 9,860, nami nikaandika kwamba usahihi ni asilimia 98. Kinachonisumbua ni kwamba nilipotazama mti mmoja mmoja, wenye matunda 450 ulihesabiwa 310, na mwingine wenye 95 ukapewa 140. Je, ni haki kuwaambia wakulima asilimia 98? Na kama si haki, nitumie kipimo gani?

Mchangiaji wa Iringa

Ndugu, shaka yako ina msingi. Umejumlisha makosa ya kuzidisha na ya kupunguza, yakafutana. Chukua miti miwili tu: mmoja una matunda 120, mwingine 60, na modeli ikasema 90 kwa kila mmoja. Jumla ni 180 pande zote mbili, lakini kila mti umekosewa kwa matunda 30. Ndiyo maana watu wa fani hii huanza na wastani wa makosa kamili: kwa kila mti tafuta tofauti kati ya hesabu ya modeli na hesabu halisi, ondoa alama ya hasi ikiwapo, kisha tafuta wastani wa tofauti hizo. Kando yake weka kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya makosa, ambacho huyapa makosa makubwa uzito zaidi. Kikikizidi kile cha kwanza kwa mbali, ujue ipo miti michache inayokosewa vibaya, na picha zake inafaa uzitazame moja moja kwa macho yako.

Usikimbilie asilimia ya kila mti. Mti wenye matunda 4 ukihesabiwa 8 utaonyesha kosa la asilimia 100, ilhali tofauti yenyewe ni matunda manne tu, na mti usio na tunda hauna asilimia kabisa.

Mifano yako miwili inanitia wasiwasi zaidi kuliko jumla, kwa sababu mti mkubwa umepunguziwa na mdogo umeongezewa. Chora grafu yenye hesabu halisi kwenye mhimili wa chini na kosa (hesabu ya modeli ukitoa hesabu halisi), pamoja na alama yake, kwenye mhimili wa wima. Nukta zikiteremka kuelekea kulia, modeli yako inavutwa kwenye wastani wa miti iliyofundishiwa badala ya kuhesabu kilichopo mbele yake.

Mchangiaji wa Mbeya mjini

Naongeza jambo moja, kwamba hata idadi sahihi inaweza kupatikana kwa njia isiyo sahihi. Tunda la Hass likiwa mtini ni la kijani kama majani yanayolizunguka. Weusi huja linapoiva baada ya kuchumwa. Modeli inaweza kuruka matunda 20 upande wa kivuli, ikahesabu majani 20 upande wa jua, na kosa likasomeka sifuri. Hatari hii ni kubwa kwa modeli za ramani ya msongamano, njia iliyopendekezwa na Victor Lempitsky na Andrew Zisserman mwaka 2010, kwa kuwa hazichori kisanduku kwenye kila tunda bali hutandaza thamani ndogo ndogo juu ya picha nzima, na jumla yake ndiyo idadi. Dawa yake ilielezwa mwaka 2015 katika utafiti wa kuhesabu magari yaliyobanana barabarani: picha hugawanywa katika sehemu 4, kisha 16, kisha 64, na makosa ya kila sehemu yakajumlishwa bila kuachwa yafutane. Kosa likipanda sana kadiri unavyogawa, modeli haijui matunda yalipo.

Mzee wa Shambani, Njombe

Vijana wangu, mmesema vizuri, lakini hakuna aliyeuliza kama ile hesabu ya mkono ilifanywa kwenye picha au mtini. Kama ni kwenye picha, mnapima mashine dhidi ya picha, na tunda lililojificha nyuma ya majani halimo katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Chumeni miti michache yote kabisa, mhesabu chini, ndipo mjue picha inaficha kiasi gani.

Pili, sikubaliani na ndugu wa Iringa kwamba mti mmoja ndio kipimo cha kuanzia. Lori hupangwa kwa shamba. Kwa mwenye miti 300, makosa yasiyoegemea upande mmoja hupunguzana yenyewe. Mwenye miti sita hana nafuu hiyo, na ndiye atakayeletewa kreti pungufu. Pangeni makosa kwa mkulima, si kwa mti wala kwa jumla ya kikundi.

Muulizaji, Tukuyu

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nakiri kwamba hesabu yangu ilitoka kwenye picha. Nimerudia kazi: wastani wa makosa kamili ni matunda 52 kwa mti, wakati mti wa wastani una matunda 251, na grafu inateremka kama ilivyotabiriwa. Nilipopanga kwa mkulima, mama mmoja mwenye miti mitatu mikubwa amepunguziwa matunda 214. Asilimia 98 nimeifuta kwenye taarifa. Wiki ijayo tunachuma miti mitano yote na kuhesabu chini, tukianza na mitatu ya mama huyo.