Mke mjamzito kakutwa na homa ya ini B, naombeni ushauri
Habari wakuu, mke wangu ana mimba ya miezi 6, tuko Moshi, juzi kliniki wametupima wote wawili, ukimwi hatuna, kaswende hatuna, ila yeye kipimo cha homa ya ini B kikaleta mistari miwili. Nesi kasema tu mrudi daktari akiwepo, tukapanda daladala hadi Pasua hatusemeshani, yeye kashika kile kikaratasi analia kimyakimya. Mimi sina, nachoma chanjo zangu 3 nimalize. Kinachoniumiza ni mtoto, maana anatakiwa achomwe ndani ya saa 24 akizaliwa, kusubiri zile za wiki ya 6 ni kuchelewa. Mliopitia hili, hiyo ya kichanga mliipata wapi huku Moshi au Arusha, na mama alianzishiwa dawa?